Nyota anapozungumzia vita, tumsikilize kwa kiasi gani?

*"Mtaalamu, nimempenda mwanamuziki mmoja tangu nikiwa shuleni. Hivi karibuni alitoa kauli kali kuhusu vita vinavyoendelea, akataja nani mwenye kosa na nini kifanyike. Kaka yangu anasema msanii aimbe, mambo ya vita awaachie wanaoyajua. Rafiki yangu wa karibu anasema kinyume chake: kwamba nyota asiyesema lolote ameshiriki katika mauaji, na ameacha kuwafuata wote waliokaa kimya. Mimi nimebaki katikati. Kila usiku nasoma kauli za watu mashuhuri hadi usingizi unapotea, na sasa sijui kama ninajifunza kitu au ninajiumiza tu. Je, maoni yao kuhusu vita yanastahili kusikilizwa na umma?"*

Ndugu msomaji, ndani ya swali lako kuna maswali matatu, na nadhani kaka yako na rafiki yako wanagombana kwa sababu kila mmoja anajibu lake. La kwanza ni kama mtu mashuhuri ana haki ya kusema. La pili ni kama anastahili kusikilizwa. La tatu ni kama anastahili kuaminiwa. La kwanza halihitaji mjadala mrefu: anayo haki hiyo kama raia mwingine yeyote, na umaarufu haumwongezei wala haumpunguzii. Kazi iko katika mawili yaliyobaki, kwa sababu mtu anaweza kustahili kusikilizwa na bado asistahili kuaminiwa, na katika habari za vita kuyachanganya mawili hayo kunaweza kugharimu maisha ya watu.

Kaka yako anadhani kwamba upande mmoja wapo wasanii wasiojua na upande wa pili wapo wajuzi, na kwamba tukiwanyamazisha wa kwanza tutabaki na ukweli wa hao wengine. Historia haimuungi mkono. Mwezi Oktoba 1914, wasomi na wasanii 93 wa Ujerumani, miongoni mwao Wilhelm Röntgen aliyegundua eksirei na mwanafizikia Max Planck, walitoa tamko la kukanusha kwamba jeshi la nchi yao lilikuwa limetenda ukatili Ubelgiji. Wakati huo maktaba ya chuo kikuu cha Louvain ilikuwa imekwisha kuteketezwa kwa moto, na maelfu ya raia wa Ubelgiji na Ufaransa walikuwa wameuawa. Baadhi ya wenye majina hayo walikiri baadaye kwamba hawakuwahi hata kuisoma hati yenyewe. Waliombwa idhini nao wakaitoa. Walikuwa miongoni mwa watu wenye akili kubwa kabisa wa zama zao, lakini elimu ya mionzi haimwambii mtu kilichotokea usiku fulani katika mji ambao hakuwapo.

Hata wale ambao siasa za dunia ndiyo kazi yao hawana kinga. Mwanasaikolojia Philip Tetlock aliwafuatilia wataalamu 284 kwa takriban miaka 20, akikusanya utabiri wao kuhusu mambo ya kisiasa na kiuchumi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba kwa jumla hawakuwapita sana watu wanaobahatisha, na kwamba waliokuwa wakitafutwa zaidi na vyombo vya habari walielekea kukosea kuliko wenzao wasiojulikana. Kwa hiyo kaka yako yuko sahihi kuutilia shaka umaarufu, ila amekosea kudhani kwamba shaka hiyo inawahusu waimbaji peke yao. Profesa anayeonekana kila jioni kwenye televisheni naye ni mtu mashuhuri.

Kwa nini basi kauli ya mtu unayempenda inakuingia kwa urahisi hivyo, hata ukijua kwamba hajasomea mambo hayo? Sababu ya kwanza ilielezwa na mwanasaikolojia Edward Thorndike mwaka 1920, naye aliipata jeshini. Aligundua kwamba makamanda walipowapima askari wao, aliyepewa alama nzuri kwa umbo na unadhifu alipewa pia alama nzuri kwa akili, uongozi na tabia, kana kwamba sifa moja ilimwagikia nyingine zote. Sisi hufanya vivyo hivyo kwa sauti nzuri au kwa bao zuri. Sababu ya pili iliandikwa na Donald Horton na Richard Wohl mwaka 1956, televisheni ilipokuwa bado changa: mtazamaji hujenga ukaribu wa upande mmoja na mtu anayemwona kwenye skrini, akamhisi kama rafiki, ilhali yule wa upande wa pili hamjui hata kwa jina. Umemsikiliza mwanamuziki huyo tangu shuleni. Amekuwa nawe katika misiba na katika furaha. Anapozungumzia vita unamsikia kama ndugu wa nyumbani, na ndugu hatumdai ushahidi kama tunavyomdai mgeni. Si kosa lako kuhisi hivyo. Ni namna akili ya binadamu ilivyoumbwa, na ni vizuri kulijua jambo hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kusambaza.

Vita huzidisha udhaifu huo. Katika siku za mwanzo za shambulio lolote, habari za uhakika ni chache, mawasiliano hukatwa, kila upande unaficha hasara zake na kukuza makosa ya adui, na waandishi wa habari huzuiwa kuingia. Watu wenye kiu ya kujua wanakutana na nafasi tupu, na mwenye wafuasi milioni 50 anaweza kuijaza nafasi hiyo kwa sentensi mbili kabla mchunguzi yeyote hajafika kwenye kifusi. Kisha sentensi hizo zinarudiwa na wengine, na utafiti tangu 1977 umeonyesha kwamba dai linalorudiwa huanza kuonekana la kweli kwa sababu tu tumewahi kulisikia.

Sasa nifike kwenye kile ninachokuomba ukifanye. Kauli ya nyota kuhusu vita mara nyingi ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, na ufundi wote uko katika kuvifungua. Kuna hukumu ya dhamiri: "kuwaua watoto ni uovu." Kuna dai la tukio: "jeshi fulani ndilo lililopiga hospitali hiyo." Na kuna shauri la hatua: "nchi yetu ipeleke silaha," au "iache kupeleka." Hukumu ya dhamiri haihitaji shahada, mwimbaji anaweza kuitoa sawa na mkulima au jaji, na inapimwa kwa uthabiti wake, yaani kama anaitamka pia pale waliouawa ni watu wa upande asioupenda. Dai la tukio linahitaji ushahidi, na hapo nyota hana lolote zaidi yako, isipokuwa kama alikuwapo au amezungumza na waliokuwapo. Shauri la hatua ndilo gumu kuliko yote, kwa maana linahitaji kujua nini kitafuata, nani atajaza pengo, na raia watakimbilia wapi. Nalo ndilo hutamkwa kwa wepesi kuliko yote.

Mtazame Muhammad Ali. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, alikataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa wa uzito wa juu, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000, na ingawa alikuwa nje kwa dhamana alikaa zaidi ya miaka mitatu bila kupanda ulingoni. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo mwezi Juni 1971. Kiini cha kauli yake kilikuwa kile ambacho yeye mwenyewe, kwa imani yake, hangekubali kukifanya. Hakuna jenerali aliyeweza kumwambia kwamba hana ujuzi wa kutosha kuhusu dhamiri yake. Kauli ya namna hiyo ilistahili kusikilizwa, na ingestahili hata kama ingetoka kwa kijana asiyejulikana. Wapo vijana wengi waliokataa kama yeye na majina yao hayakufika gazetini.

Mlinganishe na Charles Lindbergh, rubani aliyepata sifa dunia nzima mwaka 1927 kwa kuvuka Atlantiki peke yake bila kutua. Miaka ya 1930 alialikwa Ujerumani kuona ndege zao, akarudi na picha iliyokuza mno nguvu za anga za nchi hiyo. Tarehe 11 Septemba 1941, mjini Des Moines, aliwaambia Wamarekani kwamba wanaowasukuma vitani ni Waingereza, Wayahudi na serikali ya Roosevelt. Angalia safari ya hoja yake: alianza na jambo alilolijua kweli, yaani ndege, akapita kwenye makadirio ambayo hakuwa na njia ya kuyathibitisha, akaishia kwenye shutuma dhidi ya jamii nzima ya watu ambao wakati huohuo walikuwa wakiuawa Ulaya. Msikilizaji aliyemwamini kuhusu injini hakuwa na sababu ya kumwamini kuhusu Wayahudi, lakini sauti ilikuwa moja na sifa ilikuwa ileile.

Watu hunijibu kwamba kipimo bora ni gharama: nyota aliyepoteza mikataba kwa ajili ya msimamo wake lazima aaminiwe. Naheshimu hoja hiyo, lakini inathibitisha jambo moja tu. Gharama inaonyesha kwamba mtu anamaanisha anachosema. Haionyeshi kwamba anachosema kimetokea. Lindbergh naye alilaaniwa na wengi waliokuwa wakimshangilia, na bado alikuwa amekosea.

Kuna mfano wa karibu zaidi na zama zetu ambao siachi kuurejea ninapofundisha mawasiliano ya kisiasa. Mwezi Machi 2012 shirika moja la Kimarekani lilitoa video kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA. Mpango wao ulikuwa wazi: waliwalenga watu mashuhuri 20 ili wautangaze ujumbe, na akina Oprah Winfrey, Rihanna na Justin Bieber wakausambaza. Video ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Hukumu ya dhamiri ilikuwa sahihi kabisa: kuteka watoto na kuwafanya askari ni uovu usio na kifani. Dai la tukio lilipotosha, kwa sababu watazamaji wengi waliachwa wakiamini kwamba kundi hilo bado linaishambulia kaskazini mwa Uganda, ilhali lilikuwa limeondoka huko miaka kadhaa kabla na kuhamia nchi jirani. Video ilipoonyeshwa mjini Lira, mbele ya watu walioyapitia mateso hayo wenyewe, baadhi yao walikasirika hadi wakarusha mawe, kwa kuwa hawakujiona ndani yake. Washauri wa kijeshi wa Marekani, ambao video hiyo ilitaka wasiondolewe, waliondoka mwaka 2017 na Kony hakuwa amekamatwa.

Jambo la Lira ndilo linalonigusa zaidi. Uangalifu wa umma una kikomo. Dakika ninayompa nyota ni dakika ambayo sijampa mwanamke aliyechukuliwa mwanawe usiku. Nyota anayetumia jina lake kumfungulia mama huyo njia ya kusikika amefanya kazi ya thamani, na namsikiliza kwa shukrani. Nyota anayesimama mahali pa mama huyo na kusema kwa niaba yake, bila kumuuliza, amechukua kitu kisichokuwa chake, hata kama nia ilikuwa njema.

Huenda utaniuliza: je, hawajawahi kuleta amani? Mfano unaotajwa sana ni mwanasoka Didier Drogba. Tarehe 8 Oktoba 2005, baada ya Ivory Coast kuifunga Sudan mjini Omdurman na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, alishika kipaza sauti katika chumba cha kubadilishia nguo, akapiga magoti pamoja na wenzake, akawasihi wananchi wasameheane na waweke silaha chini. Nchi ilikuwa imegawanyika tangu Septemba 2002. Mwezi Juni 2007 timu ilicheza dhidi ya Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, na kuwakutanisha uwanjani watu waliokuwa wamekata tamaa ya kuketi pamoja. Hayo yote yalitokea, na yana heshima yake. Lakini hadithi inayosambazwa kwamba mchezaji mmoja alivimaliza vita inawaacha nje askari wa Ufaransa na wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wakizitenganisha pande mbili, na mazungumzo yaliyozaa mkataba wa Ouagadougou wa Machi 2007, miezi mitatu kabla ya mchezo wa Bouaké. Inaacha pia kwamba mapigano yalirudi baada ya uchaguzi wa 2010 na watu wapatao 3,000 wakauawa. Baada ya hapo Drogba alikubali kuwa mjumbe wa tume ya maridhiano, kazi ya kuketi na kusikiliza isiyo na kamera nyingi, na kwangu hiyo ina uzito kuliko picha ya magoti. Nyota anaweza kuwapa watu ruhusa ya kutaka amani hadharani. Kuijenga amani yenyewe ni kazi ya wengine wengi, na ni ya miaka.

Upande wa pili wa nguvu hiyo ni wa kutisha, nao unahitaji uangalifu wetu kuliko kauli zote za kawaida. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoketi Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mwezi Desemba 2008 kwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Wengi hudhani alifungwa kwa nyimbo zake, sivyo. Alifungwa kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti akiwa ndani ya gari, barabarani kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza watu wawaue Watutsi. Mtu anayependwa akianza kuwaita binadamu wadudu, au kusema kwamba kundi fulani zima halistahili kuishi, usiyachukulie kama maoni ya kupimwa dhidi ya maoni mengine. Usiyasambaze hata kwa nia ya kuyalaani. Hifadhi ushahidi wake, uwapelekee wenye mamlaka ya kisheria au mashirika ya haki za binadamu yanayofuatilia uchochezi.

Sasa niseme na rafiki yako. Anachokidai, kwamba ukimya ni ushiriki, kilienea sana mwezi Mei 2024, pale watu wengi mitandaoni walipohimizana kuwafungia nyota waliokuwa kimya kuhusu Gaza. Naelewa uchungu ulio nyuma ya dai hilo, nao ni uchungu wa kweli. Hata hivyo ukimya hausomeki kwa urahisi. Nchini Urusi, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Machi 2022 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa atakayehukumiwa kwa kueneza habari zinazoitwa za uongo kuhusu jeshi. Mwimbaji aliyenyamaza huko anaweza kuwa anaunga mkono, anaogopa, au ana wazazi ambao hawezi kuwahamisha. Nje ya hali hiyo pia, wapo wanaonyamaza kwa sababu hawajui, na mimi ningependa mtu asiyejua anyamaze kuliko atoe tamko lililoandikwa na meneja wake ili tu hasira za wafuasi zipoe. Tukiwalazimisha wote waseme, tutapata kauli nyingi zisizo na maana, na katika kelele hizo sauti za walioko vitani zitazidi kupotea. Ambapo namuunga mkono rafiki yako ni kwa nyota anayefaidika na vita moja kwa moja: anayelipwa kutumbuiza kwa heshima ya mtawala anayeua, au anayetangaza bidhaa za wauza silaha. Huyo hajanyamaza, kazi yake yenyewe ni tamko, na ana wajibu wa kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili. Maoni ya mtu mashuhuri kuhusu vita yanastahili uangalifu uleule ambao ungempa raia mwenye busara uliyemheshimu, na uongezeke tu pale anapokuwa ameona kwa macho yake, anapohusika na vita hivyo kwa ukoo au kwa ukimbizi, au anapokupeleka kwa mashahidi. Rudi kwa kauli ya mwanamuziki wako ukaifungue sehemu zake tatu. Aliposema nani mwenye kosa, je, alitaja amejuaje? Aliposema nini kifanyike, je, alieleza nani ataubeba mzigo wa matokeo? Inawezekana ukakubaliana naye katika dhamiri, ukasubiri ushahidi katika tukio, na ukampinga katika hatua, na bado ukaendelea kuupenda muziki wake. Ukizungumza na kaka yako, mwulize anapinga sehemu ipi kati ya hizo tatu. Nadhani mtagundua mnakubaliana zaidi kuliko mlivyodhani. Mazungumzo hayo yafanyeni mkiwa mmeketi pamoja, si kwa ujumbe wa simu, maana watu wenye uchungu husomana vibaya katika maandishi.

Limebaki jambo la usingizi wako, nami silichukulii kwa wepesi. Kusoma kauli hizo usiku kucha hakukuongezei ujuzi wa vita. Taarifa mbili za mwandishi aliyeko mahali penyewe, zikisomwa mchana, zitakupa zaidi. Weka simu nje ya chumba cha kulala kwa muda uone kama hali inabadilika. Ikiwa baada ya wiki mbili hivi bado hulali, au picha za vita zinakujia bila wewe kutaka, au umeanza kushindwa kazi na kuwakwepa watu wako, nenda ukaonane ana kwa ana na daktari au mshauri wa afya ya akili. Usisubiri hata hizo wiki mbili ikiwa wewe mwenyewe uliwahi kukimbia vita, au ikiwa unapata mawazo ya kujidhuru. Katika hali hiyo nenda leo.

Na ikiwa una jamaa aliyeko katika eneo la mapigano na mawasiliano yamekatika, usitegemee orodha wala tetesi zinazosambazwa na akaunti za watu mashuhuri, hata wakiwa na nia njema. Nenda kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu ya nchi uliyomo, ambayo kwa kushirikiana na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huwatafuta watu waliopotezana kwa sababu ya vita. Huduma hiyo haitozwi malipo. Chukua jina kamili la ndugu yako, majina ya wazazi wake, tarehe ya kuzaliwa kama unaijua, na mahali pamoja na siku mliyowasiliana kwa mara ya mwisho.